Kibiriti Katikati ya Magoti

Ndambiri alikuwa mtu wa kuhesabu njiti za kibiriti. Akinunua kibiriti kipya pale Kiritiri, hakuondoka dukani kabla ya kukifungua, kumwaga njiti kiganjani na kuzihesabu mbele ya mwenye duka huku midomo ikicheza. Zikipungua, alimwangalia mwenye duka. Zikizidi, alimwangalia hata zaidi.

"Huyu anataka nini kwangu?" alimuuliza mkewe akifika nyumbani. "Mtu anipe njiti mbili za bure kwa nini?"

Ndivyo alivyoumbwa. Alishuku wanunuzi wa mbuzi waliokubali bei haraka. Alishuku mahubiri mafupi. Mvua ikija mapema aliitazama kutoka mlangoni kama mgeni asiye na barua, na kuku akitaga mayai mawili kwa siku moja, kwa Ndambiri hiyo haikuwa baraka, hiyo ilikuwa kesi. Mkewe Rwamba, mama wa kanisa, mwenye sauti ya kuongoza kwaya na ulimi wa kuongoza mume, alisema kwamba siku Ndambiri atakapofika mbinguni ataomba kwanza kuona hati ya kiwanja.

Kitu kimoja tu hakukishuku: kiko chake. Marehemu baba yake, mzee Runji, alikuwa amevichonga viko viwili kutoka kwa mzizi mmoja wa mgunga, akavizungushia waya wa shaba shingoni, akampa kila mtoto wake kimoja. Kimoja kilikuwa cha Kithaka, kaka mkubwa. Cha pili ndicho hiki.

Na kukiwasha, jamani, alijua. Hata wale waliosema moshi ule utamfuata mpaka siku ya hukumu walisimama njiani kumtazama. Tumbaku aliiweka kwenye kopo pamoja na kipande cha jani la mgomba, isilowe wala isikauke, kwa maana mbichi hutema mate na kavu huuma ulimi. Alipojaza kiko, tonge la kwanza alilidondosha tu, kama mtu anayemwaga mawele shambani. La pili alilikandamiza kidogo, kama anayefukia kunde. La juu alilibana kwa dole gumba, kama anayeshindilia kaburi la paka aliyekuwa mwizi. Kisha alivuta hewa bila moto. Ikipita kama uji mwepesi, sawa. Ikikataa kama ugali, alimwaga yote akaanza upya, hata kama wazee wanamngoja.

Halafu njiti. Aliugeuzia upepo mgongo, akaiwasha, akangoja ile dawa ya kichwani imalize kuungua ndipo mti uwake peke yake, maana ukivuta ile dawa utakuwa umekula sumu na kuiita tumbaku. Alizungusha mwali juu ya tumbaku pole pole, akavuta mafupi mafupi. Tumbaku ya juu ilipofura na kuinuka kama ng'ombe aliyeguswa mkia, aliacha kuvuta, akaugusa moto kwa kichwa cha msumari bapa mpaka ukafa. Aliuua kwa makusudi! Wageni walidhani amekosea. Kisha, kwa njiti ile ile iliyokuwa inakaribia ukucha wake, aliwasha mara ya pili, na hapo kiko kiliwaka mduara wote na kukaa hivyo nusu saa bila kuchoma shavu.

"Moto wa kwanza wa kuamsha, wa pili wa kuvuta," baba yao aliwafundisha. Njiti moja, mioto miwili. Upande wote ule wa Mbeere hakukuwa na mwingine aliyeweza.

Sasa, mwaka wa sabini na nne, wapimaji wa ardhi walifika. Ardhi ambayo watu walikuwa wameijua kwa mawe na minyonyo ya mipakani ikawa inaandikwa kwa majina, shamba kwa shamba, na kamati ya ukoo ikikaa kusema hili ni la nani. Shamba la juu la Ndambiri, lenye mawe kuliko udongo, halikuwa na shida. Shida ilikuwa shamba la chini, kando ya kijito, pale ambapo hata kiangazi kikikaza kunde hubaki na rangi. Hilo lilikuwa fungu la Kithaka. Lakini Kithaka alikuwa ameondoka mwaka wa hamsini na moja kwenda kuuza mbuzi upande wa Meru, na hakurudi. Baada ya miaka mingi mtu mmoja alileta habari kwamba amekufa huko. Ndambiri alililima shamba la chini miaka ishirini na mitatu, akapanda na mistari yake sita ya tumbaku, na alikuwa ameshawaambia vijana wake wawili: hili ni lenu, mgawane katikati.

Kamati ilikuwa iandike siku ya Alhamisi. Jumapili iliyotangulia, Rwamba akiwa ametoka tu kanisani, kijana mmoja akasimama penye ua.

"Hodi hapa."

Ndambiri hakujibu hodi. Aliangalia viatu kwanza. Vilikuwa na vumbi jekundu, na Mbeere haina vumbi la rangi ile. Aliangalia mikono. Mikono mikubwa, migumu, yenye makovu madogo ya mtu anayepasua mawe.

"Habari ya hapa, mzee?"

"Habari itategemea wewe umeleta nini."

"Naitwa Runji. Natoka Muthara, kule Tigania. Baba yangu alikuwa Kithaka." Kijana akavua kofia. "Wewe ndiye Baba Mdogo Ndambiri?"

"Baba mdogo wa nani?"

"Baba Lydiah," Rwamba alimwita mumewe kwa jina la binti yao kutoka mlangoni, "mtu akibisha hupewa kiti. Hapewi mtihani." Akaleta kiti, akaleta uji, akamtazama kijana usoni kwa muda mrefu kuliko uji ulivyohitaji.

Runji alitoa kitambaa mfukoni, akakikunjua. Ndani yake kulikuwa na kiko cha mzizi wa mgunga, waya wa shaba shingoni.

Ndambiri alikichukua, akakigeuza, akakinusa, akakichungulia tunduni. Moyo ulimruka, akaukanya.

"Waya kama huu unauzwa," alisema.

"Alisema ni babu aliyekichonga. Ndiye niliyepewa jina lake."

"Jina mtu anaweza kuokota njiani. Na kiko si cheti cha kuzaliwa. Mtu akifa, kiko chake huchukuliwa na yeyote aliye karibu na kitanda." Akainama mbele. "Hebu niambie. Miaka ishirini na mitatu, hata barua hakuna. Leo wapimaji wamefika, na wewe umefika. Mlipanda gari moja?"

"Mnunuzi mmoja wa mbuzi kutoka hapa Kiritiri alikuja Muthara, akasema huku ardhi inaandikwa. Mama yangu, Makandi, akaniambia niende." Kijana alikunywa uji kidogo. "Ningekuja lini, mzee? Baada ya kuandikwa?"

Lilikuwa jibu zuri. Ndambiri alishuku majibu mazuri.

"Na Kimbeere? Mtoto wa ukoo huu huongei lugha ya ukoo huu?"

"Matusi nayajua yote," Runji alisema. "Baba aliongea nasi Kimeru, lakini kutukana alitukana kwa Kimbeere peke yake."

Rwamba alicheka mpaka akaweka kibuyu chini. Ndambiri hakucheka. Alikuwa anakumbuka kaka yake akiwatukana mbuzi, na kumbukumbu hiyo ilikuja bila kualikwa, nayo pia akaishuku.

Rwamba alimpa kijana chumba cha watoto wa kiume, ambao wote wawili walikuwa kazini Embu. "Apimwe na kamati," alisema, "lakini hatalala nje kwenye mawele."

Kesho yake asubuhi Ndambiri alikwenda kwa Gichovi, mwenyekiti wa kamati, mzee mpole mvuta ugoro aliyepiga chafya katikati ya kila sentensi yenye maana.

"Nina njia ya kumjua," Ndambiri alimwambia. "Unaukumbuka mkono wa Kithaka?"

Gichovi aliukumbuka. Kithaka akiwa kijana alipanda mgunga kuangika mzinga wa nyuki, akaanguka. Mkono wa kushoto ulipona lakini haukurudi: vidole vilijikunja vikakauka, akawa anautembeza kifuani kama mguu wa kuku aliyechinjwa. Mtu wa mkono mmoja huwasha kiko vipi? Kithaka alikaa chini, akabana kibiriti katikati ya magoti, akapiga njiti kwa mkono wa kulia kuelekea mwilini, kiko kikiwa tayari kimeng'atwa. Hakukosa. Upepo uwe, mvua iwe, hakukosa.

"Mtoto aliyelelewa na Kithaka alimwona kila siku," Ndambiri alisema. "Atawasha hivyo. Tusimwambie chochote. Tumpe kibiriti, tutazame."

"Na akiwa ni mtu tu aliyefanya ka..." Gichovi akapiga chafya, "...kazi na Kithaka, akamwona?"

"Hapo nitafikiria lingine. Tuanze na hili."

Siku ya Jumanne wazee watano walikaa kibarazani kwa Gichovi. Runji aliitwa, akasalimia mmoja mmoja kwa mikono miwili, akakaa pale alipoonyeshwa.

"Kijana," Ndambiri alisema kwa sauti tamu ambayo mkewe angeiogopa, "kabla ya maneno, vuta kwanza. Tumbaku hii, kibiriti hiki."

Runji akachukua kopo kwa mikono yote miwili. Akadondosha tumbaku, akafukia, akabana. Akavuta hewa. Akashika kibiriti kwa mkono wa kushoto vizuri kabisa, akapiga njiti kwa wa kulia, akakinga mwali kwa viganja viwili kama karani wa mjini. Akazungusha. Akavuta. Akautazama moto, akauua kwa kidole, akawasha tena, moshi ukapanda mzuri, mweupe, wa adabu.

Kibiriti hakikukaribia magoti hata kidogo.

Gichovi alimtazama Ndambiri. Ndambiri akatazama paa la baraza ili wasimwone akitabasamu.

Wazee waliuliza maswali mawili matatu ya heshima, kama watu wanaomsindikiza mgeni kituoni. Mwisho Gichovi akasema, "Alhamisi tunaandika. Mwenye neno aje nalo." Lakini kila mtu aliona neno limeshaandikwa.

Ndambiri alirudi nyumbani amenyoosha mgongo. Chakula kilimwendea vizuri. Shida ilianza alipochukua kiko chake na kufika pale pa kuua moto wa kwanza, msumari ukabaki hewani. Yule kijana aliuua moto. Nani alimfundisha? Watu wengi huua moto, alijijibu. Nani hao? Taja mmoja. Hakuweza kumtaja hata mmoja, na kiko kikazimika chenyewe mkononi mwake, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu uhuru.

"Kimekuasi?" Rwamba aliuliza.

"Tumbaku imelowa."

"Hiyo ni tumbaku ile ile ya jana, Baba Lydiah."

Jumatano mchana kijana aliaga kwamba anakwenda kutembea. Anakwenda kupima, Ndambiri akajiambia; atahesabu hatua za shamba la chini ili kesho aongee kama mwenyeji. Akamfuata kwa mbali, akapita nyuma ya ghala, akashuka kwa njia ya mbuzi, akajibanza nyuma ya mnyonyo. Mtu mwenye wajukuu, amechuchumaa kwenye shamba lake mwenyewe kama mwizi wa kunde.

Runji hakupima kitu. Alisimama karibu na mistari ile sita ya tumbaku, akagusa jani moja, akanusa vidole. Kisha akakaa juu ya jiwe, uso kwa kijito. Upepo ulikuwa mkali. Akatoa kiko, akakijaza kwa mkono wa kulia tu, akaking'ata. Akatoa kibiriti.

Akakibana katikati ya magoti.

Mkono wake wa kushoto, ule mkono mkubwa mzima wa kupasua mawe, ulipanda wenyewe ukajikunja kifuani, vidole ndani. Akapiga njiti kuelekea mwilini. Ikashika mara moja, upepo ukiwepo. Na alipovuta aliinamisha kichwa upande wa kulia, jicho moja limefumba, na Ndambiri aliyekuwa nyuma ya mnyonyo akamwona kaka yake amekaa juu ya jiwe.

Alikaa pale magoti yakimuuma. Halafu, kwa kuwa alikuwa Ndambiri, akaanza: ananiona. Amejua nimemfuata. Gichovi na chafya zake amempasulia siri, na huyu sasa ananichezea mchezo.

Ndipo mbuzi mmoja alipolia nyuma yake, na kijana akageuka.

Kilichotokea kilikuwa cha haraka, lakini Ndambiri alikuwa ameishi maisha yake yote akitazama mambo ya haraka. Runji alishtuka, akachomoa kibiriti magotini kama mtu aliyefumaniwa, akanyoosha mkono wa kushoto, akasimama. Akaficha! Mdanganyifu angetaka kuonekana. Mdanganyifu angekaa pale, magoti yamebana, angoje kusifiwa. Huyu aliona haya.

Ndambiri akatoka nyuma ya mnyonyo akijipangusa, hana hata cha kusingizia.

"Nilikuwa natafuta mbuzi," alisema.

"Yuko nyuma yako, mzee."

"Namwona." Akakohoa. "Kibiriti hicho. Rudia ulivyofanya."

"Samahani, mzee. Ni tabia tu. Upepo ulikuwa..."

"Mbona jana hukufanya hivyo?"

Runji alitazama chini. "Mbele ya wazee? Nikiwa mdogo nilichukua kijiti nikawa nawasha kiko kama baba, magotini, mkono umekunjwa. Kulikuwa na wageni. Wakacheka. Mama alinichapa siku hiyo sijawahi kuchapwa tena hivyo. Alisema namcheka baba kwa kilema chake, na mkono wangu mzima Mungu atauona. Mimi sikuwa namcheka. Sikujua kuna namna nyingine ya kuwasha." Akakigeuza kibiriti mkononi. "Ya mikono miwili nilijifunza nikiwa mkubwa, kazini. Hii hunijia nikiwa peke yangu."

Ndambiri alijua mwiko ule wa kumwiga mwenye kilema kama alivyojua jina lake. Hata yeye hakuwahi kuuiga mkono wa Kithaka, hata wakiwa vijana wamegombana. Alikuwa ametega mtego ambao mtoto mbaya tu ndiye angeuruka, na mtoto mwenye adabu akanaswa.

"Umemwona akipima?" Rwamba aliuliza aliporudi.

"Nimemwona akivuta," Ndambiri alisema, akaenda kukaa nyuma ya nyumba, akitazama shamba la chini mpaka alipoitwa kula. Njia rahisi ilikuwa pale pale mbele yake: kunyamaza. Hakuna aliyeona isipokuwa yeye na mbuzi. Vijana wake walikuwa tayari wamepanga ni nani achukue upande wa kijito.

Alhamisi watu walijaa kwa Gichovi. Karani wa wapimaji alikuwa na meza na kitabu kikubwa. Zamu ya shamba la chini ilipofika, Gichovi akasema, "Kuna mwenye neno?" huku akimtazama Ndambiri, kwa kuwa ilikuwa desturi mwenyeji aseme "Hakuna."

Ndambiri akasimama.

"Runji," alisema, "washa kiko kama ulivyowasha jana mtoni."

Kijana akatikisa kichwa. "Hapa siwezi, mzee. Nisamehe."

"Unajua shamba linakwenda?"

"Najua."

Basi Ndambiri mwenyewe, mzee wa watu, akaketi chini kwenye vumbi, akang'ata kiko chake, akakunja mkono wa kushoto kifuani na kubana kibiriti katikati ya magoti.

Watu wakaguna. "Ndambiri! Unamcheka marehemu?" mzee mmoja alifoka. Ndambiri akapiga njiti. Ikavunjika. Akapiga ya pili, kibiriti kikateleza kutoka magotini kikaanguka. Ya tatu iliwaka ikazimwa na pumzi zake mwenyewe. Mtu wa njiti moja, upande wote wa Mbeere! Mahali fulani nyuma mtu alicheka, na Ndambiri akaendelea, jasho likimtoka, mpaka njiti ya tano ikamchoma kidole.

"Mmeona," alisema, akihema. "Ni kazi ya miaka. Mtu hawezi kuiona mara mbili akaijua. Jana huyu aliifanya kwa njiti moja, upepo ukivuma, na aliposikia nipo akaificha kwa aibu, kama ambavyo mtoto yeyote wa hapa angeificha. Jumanne hamkuona kwa sababu alitutunzia heshima, na mimi nilitaka kumnyang'anya shamba kwa sababu ya heshima yake." Akamgeukia kijana. "Mimi nimeshafanya dhambi ya kuiga. Yako sasa si kuiga. Kaa."

Runji akaangalia uso wa Gichovi. Gichovi, kwa mara ya kwanza katika baraza lile bila chafya, akasema, "Kaa, mwanangu."

Akakaa. Kibiriti cha Ndambiri magotini, mkono kifuani, kichwa upande wa kulia, jicho limefumba. Njiti moja. Mzee aliyekuwa amefoka akafunika mdomo. "Kithaka," alisema, polepole, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya kijito.

Karani akaandika.

Nje, watu wakitawanyika, Runji alimfikia Ndambiri.

"Baba Mdogo..."

"Ngoja," Ndambiri alisema. "Vijana wangu wakija Jumamosi, wewe ndiye utakayewaeleza, mimi nitakuwa natafuta mbuzi. Ile mistari sita ya tumbaku nitaivuna mwenyewe msimu huu, kisha ni yako. Na ukikausha jani, usiliweke juani, utaliharibu." Akanyoosha mkono. "Kibiriti changu."

Runji akampa. Ndambiri akakitikisa kando ya sikio, akakifungua, na midomo yake ikaanza kucheza.